Melbourne kwa nusu siku, bila kiingilio

Ndugu, umeuliza uone nini Melbourne kwa nusu siku bila kulipa kiingilio. Anzia stesheni ya Flinders Street, iliyokamilika mwaka 1910. Waliobuni jengo lile, Fawcett na Ashworth, walikuwa wafanyakazi wa reli walioshinda shindano la michoro la mwaka 1899. Juu ya ngazi kuna safu ya saa zinazoonyesha treni zinazofuata, na hadi leo watu wa mji wanapeana miadi hapo chini yake.

Kisha panda hadi bustani za Carlton ulione jengo la maonyesho la mwaka 1880, kazi ya Joseph Reed, lenye kuba kubwa. Bunge la kwanza la Australia lilifunguliwa humo Mei 1901, na mwaka 2004 jengo hilo likaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa nje tu linatosha.

Ila usiondoke bila kuiona Vault, sanamu ya chuma ya njano ya Ron Robertson-Swann, iko mtaa wa Southbank. Iliwekwa katikati ya mji mwaka 1980, ikatukanwa vibaya magazetini na katika baraza la jiji, na mwaka 1981 ikahamishiwa kando ya mto. Huko ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuletwa ilipo sasa. Kwangu mimi ndiyo kazi nzuri kuliko zote mjini: izunguke polepole, kila upande ina umbo jingine.

Ukibakiwa na muda, mtaa wa Collingwood kuna ukuta aliouchora msanii Mmarekani Keith Haring mwenyewe mwaka 1984.