Kibali cha kuruka hakiondoi mlima

Wanafunzi wengi wa urubani huanza mafunzo ya IFR (kuruka kwa kutegemea vyombo) wakiamini kwamba mwongozaji ndege akishatoa kibali, kila kilichoko mbele kimeshaangaliwa. Naomba uiache imani hiyo mapema. Kazi ya msingi ya mwongozaji ni kuzuia ndege zisigongane na kuzipitisha kwa utaratibu. Kuepuka mlima au mnara wakati wa kupaa, kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kunabaki mikononi mwa rubani, isipokuwa pale ndege ya IFR inapoongozwa kwa mielekeo ya rada, yaani mwongozaji anapokuambia uelekee wapi. Hapo mwongozaji anawajibika kukuweka juu ya vizuizi mpaka akuambie uendelee kwa urambazaji wako mwenyewe.

Kuambiwa kwamba umeonekana kwenye rada hakubadilishi chochote katika hilo. Amekutambua kwenye kioo chake, basi. Na "panda hadi futi 5,000" inakuambia uishie wapi. Haisemi kama ndege yako, kwa uzito wa leo na joto la leo, itakivuka kilima kilicho maili tatu mbele.

Aliyekipima kilima hicho ni mtu aliyechora utaratibu wa kuondoka, yaani njia ya kupaa iliyochapishwa kwenye chati, na alikupimia kwa masharti. Kwa kawaida anategemea kwamba utapanda kwa angalau asilimia 3.3, karibu futi 200 kwa kila maili ya baharini. Vizuizi anavipima kwa uso wa kufikirika unaopanda asilimia 2.5, na ile asilimia 0.8 inayobaki ndiyo nafasi yako ya usalama. Ukiwa maili moja tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia, nafasi hiyo haifiki futi 50. Anategemea pia kwamba hutageuka kabla ya kufika mita 120 juu ya mwisho wa njia, labda chati iseme vingine, na kwamba injini zote zinafanya kazi. Hili la mwisho husahaulika sana. Injini moja ikizimika, ule mstari mzuri kwenye chati haukulindi tena. Mpango wa hali hiyo ni lazima uwe nao kabla hujaachia breki.

Chati ikidai zaidi ya kiwango cha kawaida, piga hesabu kwa kasi ya ardhini. Tuseme inadai futi 350 kwa maili. Ukienda maili 120 za baharini kwa saa, unahitaji futi 700 kwa dakika. Upepo wa nyuma ukikusukuma hadi 140, unahitaji zaidi ya 810. Ndege ni ileile na kilima ni kilekile, ila sasa huenda huna nguvu hizo. Kama huna, sema "siwezi" ukiwa bado chini. Mwongozaji mzuri hataudhika.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuondoka kwa VFR (kuruka kwa kutazama nje) usiku ili uchukue kibali cha IFR ukiwa angani. Mwaka 1991 ndege iliyoondoka hivyo kutoka Brown Field, karibu na San Diego, Marekani, iligonga Mlima Otay na kuua watu 10. Oktoba 2004, ndege ndogo ya jeti aina ya Learjet iliyoondoka uwanja huohuo usiku iligonga mlima huohuo. Wote 5 waliokuwemo walikufa. Mwongozaji alikuwa amewapa mwelekeo wa nyuzi 020 na kuwaambia wabaki kwenye VFR. Mfumo wa rada ulitoa tahadhari ya kuwa chini mno, lakini marubani hawakuambiwa. Wachunguzi wa NTSB, chombo cha Marekani cha kuchunguza ajali, waliwataja wote: marubani kwa kutojiepusha na mlima, mwongozaji kwa kutoa maelekezo yaliyohamishia jukumu hilo kwake kisha asilitimize.

Kwa hiyo usipokee mwelekeo kwa kuurudia tu redioni. Uangalie kwenye ramani kabla hujageuka. Ukiwa na shaka, uliza waziwazi: "Huu ni mwelekeo wa rada? Mwinuko salama hapa ni upi?" Na ukipewa njia ya mkato katikati ya utaratibu wa kuondoka, bila kuambiwa kwamba unaongozwa kwa rada, hakikisha umeshapita mwinuko salama wa eneo hilo. Kama bado, omba uendelee na njia iliyochapishwa hadi ufike huko.