Anza na daftari la alama: kwa wewe unayeanza kufundisha chuoni

Ukipewa kozi yako ya kwanza, wenzako watakuhimiza uandae slaidi. Mimi nasema anza na daftari la alama. Nimefundisha vyuo viwili huku Magharibi mwa Kenya, na kinachowanyima wanafunzi usingizi kuliko ugumu wa somo ni alama wasizojua ziko wapi.

Hesabu unaijua: CAT (jaribio la katikati ya muhula) alama 30, mtihani wa mwisho 70, na 40 ndiyo ya kupita. Aliyepata 20 kwenye CAT na 36 kwenye mtihani ana 56, gredi ya C. CAT ikipotea anabaki na 36, amefeli. Mara nyingi hagundui mpaka mwaka wa nne, anapotafuta jina lake kwenye orodha ya mahafali asilione. Mhadhiri wa muda aliyemfundisha alishahamia kwingine, na karatasi hakuna ajuaye ziliko. Sasa huyo mtoto wa mtu atawaambia nini watu wa nyumbani, ambao wameshakodi matatu na kutenga jogoo?

Kwa hiyo sahihisha ndani ya wiki mbili, warudishie karatasi mkononi, kisha pitisha orodha kila mmoja atie sahihi mbele ya alama yake. Waache wapige picha kwa simu. Mwenye lalamiko alitoe siku hiyohiyo, kosa lingali linarekebishika. (Watakubishia nusu alama kama wako mnadani. Wavumilie.)

Tarehe ya CAT itangaze wiki ya kwanza, ukishamuuliza kiongozi wa darasa wahadhiri wengine wameweka lini. Na tafadhali, usitume ujumbe WhatsApp saa nne usiku kwamba kesho saa moja asubuhi kuna CAT. Wengi wamepanga mbali na chuo, mvua ya jioni imeondoka na stima, na asiye na bando atapata habari akiwa mlangoni.

Pesa za HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, zikichelewa, utawaona wakisinzia kipindi cha saa nane mchana. Usikimbilie kusema ni wavivu. Usimhoji mtu mbele ya wenzake pia. Mngoje nje, muulize kama amekula. Ukiona ni zaidi ya njaa, tembea naye mpaka ofisi ya mshauri nasaha. Ukimpa namba tu, wengi hawapigi.