Soma Chuma Kwanza: Nilivyoitafutia Bastola ya Inglis Asili Yake

Tangu jarida la wakusanyaji wa silaha za kale hapa Ontario lichapishe mwezi uliopita maelezo yangu kuhusu bastola moja ya Inglis, ya Vita Kuu ya Pili, yenye mfereji wa ajabu nyuma ya mpini, simu yangu haipumziki. Ndugu zetu wa Minneapolis, wa Muscat, hata kijana mmoja wa Tanga, wote wananiuliza swali lile lile: ulijuaje bastola ile ilitoka kiwandani hivyo ilivyo? Nitaeleza, na mtanisamehe nikijivuna kidogo, maana yupo mtu aliyenicheka mbele ya kadamnasi kwa ajili ya bastola hii, na kicheko kile sijakisahau.

Bastola si yangu. Ni ya mzee mmoja jirani, Mkanada, mwenye leseni yake, aliyeirithi kwa baba yake. Haiuzi, na hata angetaka hawezi: tangu Oktoba 2022 sheria ya Kanada imezuia watu binafsi kuuziana bastola. Alichotaka mzee ni kujua tu. Kwa mpenda historia hiyo ni bahati, kwa sababu pesa ikiingia katika utafiti, kila mtu anaanza kuona anachotaka kukiona.

Kwanza mjue kiwanda chenyewe. John Inglis and Company ya Toronto ilikuwa na karakana zake pale Strachan Avenue, na jina lake lilitokana na mitambo mizito ya mvuke na maboila. Mwaka 1938 ikapata mkataba wa kutengeneza bunduki za rashasha aina ya Bren, mkataba uliozua kelele kubwa bungeni Ottawa. Vita vilipopamba moto wanawake kwa maelfu walishika mashine pale. Maarufu wao ni Veronica Foster, aliyepigwa picha mwaka 1941 akiwa na Bren yake na sigara mkononi, Kanada nzima ikamjua kama Ronnie. Baada ya vita Inglis hao hao wakageukia mashine za kufulia nguo. Hapa kwetu wako akina mama ambao jina Inglis kwao ni la mashine ya kufulia tu. Ukiwaambia kuhusu bastola wanadhani unawatania.

Bastola iliingiaje? Ramani yake ni ya Kibelgiji, ya FN, kiwanda cha silaha kule Herstal. Mbunifu wa silaha wa Kimarekani, John Browning, aliianza, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive, mbunifu wa FN, akaimalizia. Jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Inabeba risasi 13 za milimita 9 katika kasha lake, jambo lililowashangaza watu wa zama zile. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda cha Herstal kililazimika kuwafanyia kazi wao, na Saive na wenzake wakatorokea Uingereza. Serikali ya China, iliyokuwa imeizoea bastola hii tangu kabla ya vita, ikabaki haina pa kuipata. Ikaomba 180,000 kutoka Kanada, na Inglis wakaanza kuzitoa mwaka 1944.

Sasa shikeni hapa, ndipo penye kiini. Inglis walitengeneza sura mbili kuu. Namba 1, ya Wachina, ina kilengeo cha nyuma cha kupandisha na kushusha, kilichopimwa hadi mita 500, na nyuma ya mpini kuna mfereji wa kuchomeka kitako cha mbao ambacho pia ndicho ala yake. Namba 2, ya Wakanada na washirika wao, ina kilengeo kisichosogea, na kwa kawaida nyuma ya mpini ni laini. Namba za mfululizo za mkataba wa China zina herufi CH katikati, za wengine zina T. Jumla zilitoka zaidi ya 150,000.

Bastola ya mzee ina T. Kilengeo chake hakisogei. Lakini nyuma ya mpini upo mfereji.

Niliipeleka picha yake kwenye mkutano wa wakusanyaji. Bwana mmoja anayeitwa bingwa, simtaji jina, aliitazama muda wa kumeza mate tu, akasema, "Hii kachonga fundi wa uani ili aiuze ghali." Watu wakacheka. Akanigeukia akaniuliza kama kwetu Afrika kuna bastola za kuniwezesha kujua tofauti. Nilinyamaza. Nilikuwa nimelelewa kumstahi mtu aliyenizidi umri, na nilimstahi, ila moyoni niliapa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: soma chuma. Usianze na hadithi ya familia, usianze na maneno ya bingwa. Kaa na mwenye bastola, aithibitishe mwenyewe kuwa haina risasi, kisha chukua tochi na kioo cha kukuzia. Mimi na mzee tulikaa mezani kwake jikoni, tochi nikailaza ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma badala ya kukigonga usoni. Inglis hawakuzing'arisha bastola zao. Walizipaka fosfeti, rangi ya kijivu inayofanana na jivu la mkaa, yenye chembechembe ndogo. Chembe zile zilikuwamo ndani ya mfereji wote, mpaka kwenye pembe za chini kabisa ambako kidole hakifiki, zikiwa na uzee ule ule wa kiunzi kizima, yaani mwili wa bastola wenye mpini. Fundi wa uani akichonga baadaye anaacha chuma kitupu ndani, au inambidi aipake bastola yote upya, na rangi mpya hufukia kingo za maandishi. Hapa maneno INGLIS CANADA kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, yalikuwa na kingo kali, na alama ya mkaguzi wa serikali ya Kanada, mshale ndani ya herufi C, ilisomeka vizuri.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: soma chuma, lakini ujue kila alama iligongwa lini na nani. Bastola ya mzee ina maneno NOT ENGLISH MAKE. Wapo walioyaona wakasema basi imetoka nchi isiyojulikana. La. Maneno hayo yaligongwa na nyumba za majaribio za Uingereza, London na Birmingham, zinazopima usalama wa silaha, kati ya 1925 na 1955, juu ya silaha za kigeni zilizopita kwao kabla ya kuuzwa. Yanakueleza safari, hayakuelezi mahali pa kuzaliwa. Ndivyo zilivyo pia alama za waingizaji wa Marekani baada ya sheria yao ya silaha ya mwaka 1968. Nilichora karatasi yenye safu mbili, alama za kiwandani huku na alama za njiani kule, na nusu ya ubishi ukaisha pale pale.

Halafu nyaraka. Maktaba na Nyaraka za Kanada, Ottawa, wana mafaili ya wizara ya silaha na vifaa ya wakati wa vita, kundi RG 28. Sitawachosha na masanduku niliyoyafungua. Karatasi yenye namba ya bastola ya mzee haikutokea, na wala haikuhitajika. Nilichohitaji ni kuelewa kwamba viunzi vya Wachina na vya Wakanada vilitoka karakana moja, wakati mizigo ya China ilikuwa na shida kubwa ya kufika, kwani njia ilipita India na juu ya milima ya Himalaya. Kiwanda chenye haraka ya vita hakitupi kiunzi kizuri kwa sababu kina mfereji usiotakiwa. Na ndiyo maana bastola nyingine za T zenye mfereji zinajulikana kwa wataalamu. Yule bwana angefungua vitabu vyake mwenyewe angeziona.

Vijana, hili nawaambia kwa uchungu: tumezidi kupenda majibu ya mkato. Mtu anapiga picha moja ya giza, anaituma, anataka asili, mwaka na bei kabla ya chai. Ukimwambia asome chuma, ananuna. Elimu hii haina njia ya panya. Na ukiwa mgeni katika chumba cha watu, jua utapimwa mara mbili, kwa hiyo nenda na picha, vipimo na karatasi, wacha wao waende na sauti.

Kuhusu bei msiniulize, sizijui na sizitafuti. Na aliyeko nchi ambayo sheria inakataza raia kuwa na bastola, aende makumbusho. Chuma kinasomeka hata nyuma ya kioo ukiwa na tochi na ruhusa ya mlinzi.

Mwenye picha za Inglis yenye T na mfereji, nitumie: upande wa kulia na namba yote ionekane, mfereji kwa karibu mwanga ukitoka ubavuni, na kila alama ndogo hata kama unaiona takataka. Naandaa orodha yake, na jarida limeshakubali kuichapa.