Umeuliza kama umenirithi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mama yako akisikiliza. Unauliza kama hofu hii ya watu, ambayo daktari ameiita ugonjwa, umeirithi kwangu, na kama umeze vidonge alivyokuandikia.

Nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu, nianzie hapo. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Kwa watu wenye hofu hii, nyuso zilizokunja ndita hukishtua kupita kiasi. Kikishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, mdomo hukauka, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo, huchelewa kukituliza. Ndiyo maana nasema siku zote: mtu haogopi watu, anaogopa macho yao.

Posa ya baba yako mdogo unaijua, shangazi yako huisimulia kila Krismasi. Tulivuka na kivuko cha Kamanga, mimi ndiye msemaji. Darasani nilizoea kusimama mbele ya kidato cha nne kizima bila karatasi. Kule Sengerema wazee walipokaa kimya wakanitazama, ulimi ukagoma. Mmoja akauliza, "Huyu ndiye mwalimu?" Wakacheka. Ng'ombe walipokelewa, ndoa ikafungwa, mzee yule ameshafariki, na bado nikipanda kivuko kile masikio yanapata moto. Walicheka kidogo tu, nadhani. Hapana, walicheka sana.

Sasa niseme nimekurithisha? Tafiti za mapacha zinaonyesha damu inachangia, ila haibebi yote. Na babu yako alikuwa dalali wa samaki Mwaloni Kirumba, akinadi mbele ya umati tangu alfajiri. Mimi nilirithi kwa nani? Macho, mwanangu. Yeye hakuyaona.

Kuhusu vidonge: huko Uppsala, Uswidi, mwaka 2002 watafiti walipiga picha za ubongo wa wenye hofu hii wakihutubia watu. Waliopata nafuu, kwa dawa ya sitalopramu au kwa tiba ya mazungumzo, amigdala zao zilitulia. Mimi ningeanza na mazungumzo... basi, sisemi. Daktari amekuona, mimi nimesoma barua tu. Ila ukianza kumeza, usiache ghafla bila kumwambia.

Mama yako anasema uje Pasaka. Wageni hatutaalika.

Baba yako