Maswali ya bustani: Yungiyungi kwenye joto la Mombasa

Nilinunua vitunguu vya yungiyungi nyeupe kutoka bara. Mwaka wa kwanza vilitoa maua makubwa, mwaka wa pili majani matupu. Nimeongeza samadi lakini wapi! – Dada, Tudor

Dada yangu, acha samadi, utakiozesha hicho kitunguu bure. Kinachokosekana ni baridi. Aliyekuuzia alikiuza kikiwa kimekwisha kupitishwa kwenye baridi, ndiyo maana kikachanua mara moja. Hapa kwetu, hata Julai kusi ikivuma, usiku kwa kawaida haushuki kufika nyuzi 15, na yungiyungi hii ya maua meupe kama tarumbeta hutaka wiki sita hivi za nyuzi 4 hadi 7 ili ichanue vizuri.

Kwa hiyo friji ndiyo itakayokuwa baridi yako. Majani yakisha kunyauka yenyewe (usiyakate yakiwa mabichi, ndiyo yanayokilisha kitunguu), chimbua taratibu. Usikianike juani, kwani hakina ganda kavu la kukikinga kama kitunguu cha jikoni. Kitie kwenye mfuko wenye matundu pamoja na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu kidogo, ukiweke chini kabisa ya friji, kamwe si kwenye barafu. Matunda yanayoiva yasikae humo. Ndizi na embe hutoa hewa inayoharibu chipukizi la ua likiwa bado ndani. Piga hesabu kitoke Juni, kikue katika miezi ya ubaridi.

Yale mayungiyungi ya waridi yenye harufu kali, ya jamii ya Mashariki, hutaka baridi ndefu zaidi na huchoka upesi kwa joto. Kwa Mombasa sikushauri uyatolee pesa.

Shikamoo mwalimu. Kitunguu kimoja ni ghali. Naweza kukizalisha mwenyewe? – Mwanafunzi wa kilimo, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote bustanini.

Kitazame kitunguu chako: kimejengwa kwa magamba manene yaliyopandana. Chukua yale ya nje tu, yasizidi theluthi. Likamate gamba karibu na shina lake ulivute kwa nje na chini, mpaka livunjike likiwa na kipande kidogo cha kitako, yaani ile sehemu ngumu ya chini ya kitunguu. Hapo kwenye kitako ndipo uhai ulipo. Gamba lililokatika katikati mara nyingi huoza. Yaliyo na madoa ya kahawia yatupe, yaliyobaki uyasuuze na kuyapaka dawa ya ukungu ya unga. Kitunguu mama kirudishe udongoni, kitaendelea.

Sasa loweka makumbi yaliyosagwa, kisha yakamue kwa ngumi mpaka tone la maji lisitoke. Changanya na magamba kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uweke kabatini kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani. Jikoni hapafai. Kila wiki fungua, unuse. Harufu ya uozo ikitoka, ondoa gamba lililolainika kabla halijaambukiza wenzake. Baada ya wiki sita hadi kumi utaona kwenye ukingo wa chini wa gamba vitunguu vichanga vyeupe, vingine kiasi cha choroko, vikiwa na mizizi ya uzi. Usivibandue. Vipe wiki zake za friji, kisha vipande pamoja na gamba lake, kwa kuwa bado vinalinyonya. Maua utayaona baada ya miaka miwili au mitatu.

Njia nyingine haina kazi nyingi. Panda kitunguu kwa kina cha sentimita 15. Sehemu ya shina iliyofukiwa huota mizizi, na mara nyingi na vitunguu vidogo pia. Na ukipata mbegu za yungiyungi ya Taiwani, panda bila kusita: hiyo huweza kuchanua kabla ya mwaka kwisha.

Ncha za majani zinaungua na nyumbani tuna maji ya kisima tu. – Kaka, Likoni

Ni chumvi, kaka. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, au tumia ya mfereji yakitoka. Panda kwenye ndoo iliyotobolewa, kwa udongo mwekundu na mboji. Mchanga wenye matumbawe usiutie, kwani chokaa yake huyanyima majani madini ya chuma yakawa manjano.

Paka wetu hutafuna majani ya maua. Kuna hatari? – Bibi, Mji wa Kale

Kubwa mno, bibi. Yungiyungi ya kweli huua figo za paka, kuanzia jani hadi unga wa ua, na hata maji ya chombo ulichowekea maua. Akiramba kidogo tu mpeleke kwa daktari wa wanyama saa ile ile. Usingoje atapike. Kama paka huingia na kutoka ndani, usiipande kabisa.

Yungiyungi langu la maua meupe yenye vidole virefu linaliwa na viwavi weusi wenye madoa. – Mama, Bamburi

Hilo, mama, ni la ukoo mwingine, asili yake sehemu za joto za bara la Amerika, na pwani limepata kwao: friji halitaki, upepo wa chumvi halijali. Viwavi hao huanza ndani ya jani na wakiachwa hushuka hadi kwenye kitunguu. Waokote jioni kwa tochi uwatose kwenye maji ya sabuni, na majani yaliyotobolewa uyakate hadi chini. Kuligawa subiri mvua za vuli: chimbua fungu zima, tenganisha watoto wenye mizizi yao, upande shingo zikichungulia juu ya udongo.