Mwanangu, uliniuliza niliwezaje kutulia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Uliandika: "Mama, kazi ninayo, afya ninayo, hakuna baya lililonipata. Mbona basi sina raha? Kifua kinabana bila sababu, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wewe uliwezaje kuwa mtulivu miaka yote ile?" Sikukujibu papo hapo. Jibu la haraka lingekuwa "vumilia, yatapita", na hilo ndilo nililojibiwa mimi nilipokuwa na umri wako. Halikunisaidia kitu.

Kwanza nikusahihishe. Sikuwa mtulivu. Uliniona hivyo kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa unalala mapema. Ulipokuwa darasa la tano mimi nilikuwa nakesha. Nalala chali gizani nahesabu: ada, deni, kikao cha kesho, bibi yako anaumwa, neno nililomjibu mtu vibaya mchana. Nikifika mwisho wa hesabu naanza upya, kana kwamba nikiyarudia mara ya kumi yatapungua. Kukicha nakuamsha, nakutabasamia, nawe unaondoka ukiamini mama yako hana wasiwasi.

Usiku mmoja nilichoka na hesabu hizo. Nikainuka, nikatafuta karatasi nisiione, nikachukua daftari lako la hisabati lililokuwa mezani. Nikaligeuza, nikaanzia ukurasa wa mwisho, nikaandika kila kilichokuwa kichwani. Majibu sikuwa nayo. Niliandika tu: kesho asubuhi nimpigie fulani. Kesho nimwombe radhi yule. Hili wiki hii haliwezekani, nilitazame tena Jumatatu. Mistari kumi na moja. Nikalifunga, nikarudi kitandani, nikalala hadi asubuhi. Uliporudi shuleni ukaniuliza mwandiko wangu unafanya nini kwenye daftari lako, nikakwambia nilikuwa napiga hesabu zangu. Nilikuwa nakwambia kweli.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani walilijaribu jambo hilohilo, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliwapa watu dakika 5 kabla ya kulala. Wengine waliandika mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, wengine waliandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele ndio waliowahi kupata usingizi, na kadiri mtu alivyoyaandika kwa undani ndivyo alivyowahi zaidi. Nilipolisoma hilo nililikumbuka daftari lako. Jambo ambalo halijapangiwa siku yake huendelea kubisha hodi akilini usiku kucha. Ukiliandikia siku na saa, linakaa kimya.

Kwa hiyo nakuomba uanzie hapo, usiku. Utasikia watu wengi wakikushauri uanze na asubuhi: amka kabla ya jogoo, fanya hivi, soma vile. Wana nia njema, lakini asubuhi ya mtu hutengenezwa jioni iliyotangulia. Ujumbe wako uliingia saa nane usiku, mwanangu. Hata kabla sijausoma nilijua nusu ya tatizo. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi, na akizikosa siku baada ya siku kila kitu humwangukia kizito: neno dogo linakuwa tusi, kazi ndogo inakuwa mlima. Mara nyingi tunatafuta tiba ya roho pale ambapo mwili unadai deni lake la usingizi.

Chagua saa ya kuamka na uishike kila siku, hata siku ya mapumziko. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya muda. Simu ilale chumba kingine. Kama ndiyo inayokuamsha, nunua saa ya kengele. Na uangalie kahawa na chai yako ya jioni. Kafeini, ile inayochangamsha mwili ndani yake, haiondoki upesi. Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku unapotaka kulala. Wewe kahawa unaipenda, najua. Kunywa, lakini iishie mchana.

Asubuhi sikudai makubwa. Toka nje. Mwanga wa nje, hata mbingu ikiwa na mawingu, huushinda mara nyingi mwanga wa taa za ndani, na jicho lako likiupata ndipo saa iliyo ndani ya ubongo inapojua kwamba siku imeanza. Ikijua siku imeanza lini, itajua pia usingizi uje lini. Basi ukiwa nje tembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi. Ukizigawa zile 150 kwa siku saba ni kama dakika 22 kwa siku. Usiyafanye kuwa mashindano. Nakufahamu: utaanza kupima hatua, utajilaumu ukipungukiwa, na matembezi yatageuka kazi nyingine ya ofisini.

Sasa kifua. Kabla ya yote nenda ukapimwe, hasa kama kinabana unapopanda ngazi au maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya. Usimsikilize anayekwambia ni mawazo tu kabla daktari hajasikiliza moyo wako. Wakisema moyo ni mzima, nitakueleza nilichokuwa nakifanya mlangoni.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama nje ya mlango wetu jioni nikitoka kazini? Uliniona dirishani, ukadhani natafuta funguo. Nilikuwa napumua. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukiwa na hofu unazidisha, na pumzi zinakuwa fupi, za juu ya kifua. Mimi nilikuwa nazipunguza hadi kama 6: navuta kwa pua polepole nikihesabu hadi nne, natoa nikihesabu hadi sita, tumbo ndilo linalopanda na kushuka, mabega yametulia. Siri iko kwenye kutoa. Ukivuta hewa moyo huenda kasi kidogo, ukitoa hupunguza mwendo. Upo mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, wanauita vagasi, na kutoa pumzi kwa utaratibu huupa nafasi ya kuutuliza moyo. Moyo huwezi kuuamuru utulie, haukusikii. Pumzi inakusikia, na moyo unaifuata pumzi.

Dakika 5 zilitosha. Zilizuia hasira za kazini zisikuangukie wewe, uliyekuwa umekaa ndani unanisubiri nikutazamie kazi zako za shule. Siku ambazo sikusimama mlangoni ndizo nilizokugombeza kwa vitu vidogo, na bado naziwaza. Nikuombe radhi humu humu kwenye barua: kuna jioni ulimwaga maji nikakupigia kelele hadi ukalia, na maji hayakuwa na kosa lolote, wala wewe.

Jambo la kushukuru usiku, ambalo wengi hulishauri, ni zuri. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walilichunguza, wakaandika mwaka 2003 kwamba walioorodhesha mara moja kwa wiki mambo hadi matano ya kushukuru, kwa wiki kumi, waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioorodhesha kero. Lakini angalia, mara moja kwa wiki. Ukishukuru kila siku kwa maneno yaleyale ulimi unazoea na moyo unabaki nje. Ushukuru kitu cha siku ile, chenye sura na jina. "Nashukuru kwa familia" ni maneno mapana mno. "Nashukuru leo mwenzangu wa kazini aliona nimenyamaza akaniuliza nina nini" ni kitu ulichokiona kwa macho yako.

Kisha kuna hili la akili kutangatanga, na hapa nataka unisikilize. Wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 2,250, kupitia simu zao, saa zozote za mchana: unafanya nini sasa, unawaza nini, unajisikiaje? Mwaka 2010 walieleza kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa haipo kwenye kile mtu anachokifanya, na kwamba furaha ya watu ilipungua akili ilipokuwa mbali. Chagua jambo moja la kila siku ulifanye ukiwepo. Kuoga. Kuosha vyombo. Kula bila simu mezani. Sikia maji, sikia joto, sikia ladha. Akili ikiondoka irudishe taratibu, bila kujigombeza, kama ulivyokuwa unamrudisha mdogo wako alipokuwa akijifunza kutembea na kila mara anaelekea ngazini. Ulimrudisha mara mia kwa siku na hukumkasirikia hata mara moja.

Nimeliacha nyuma lililo zito kuliko yote. Katika ujumbe wako wote hukumtaja mtu hata mmoja. Kazi umeitaja, afya umeitaja, usingizi umeutaja. Rafiki hakuna. Kuna utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuata vijana mpaka wakawa wazee. Walipoangalia nyuma waliona kwamba kilichotabiri afya ya watu wakifika miaka 80 ni jinsi walivyoridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50, kuliko hata kiwango chao cha kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu. Mimi nilikiona kabla ya kukisoma. Mwaka ule wa kukesha nilikuwa nimewakimbia watu wote kwa aibu ya deni. Nilijiambia nitawatafuta mambo yakinyooka. Kumbe mambo yalianza kunyooka siku niliyomwambia shoga yangu mmoja, kwa sauti, "Nimeelemewa." Hakunipa fedha. Alinisindikiza nyumbani, na wiki iliyofuata akaja tena.

Mtafute mmoja. Mtu mmoja tu, kila siku, kwa sauti na si kwa maandishi: mpigie unapotembea asubuhi, dakika tano. Usingoje uwe na habari njema. Na ukipata nafasi ya kumbebea mtu mzigo, mbebee. Kuna wepesi unaokuja ukiwa na faida kwa mwingine ambao hauji kwa kujitazama.

Sasa usiyachukue yote haya ukayaanza kesho. Ukifanya hivyo, Ijumaa utakuwa umeyaacha yote na utaniandikia kwamba umeshindwa. Chukua daftari la usiku peke yake. Lifunge na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: ukishapiga mswaki, kaa, andika. Watafiti wa University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, wakakadiria kwamba kwa wastani huchukua siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha, na baina ya mtu na mtu zilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Tena waliona kuruka siku moja hakubomoi kitu. Mimi niliruka nyingi. Likikaa hilo, ongeza matembezi. Pumzi hiyo itumie popote, haihitaji ratiba.

Na nikwambie kitu ambacho mama hapendi kukiandika. Ukiona huzuni imekukalia karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na yale uliyoyapenda hayakugusi tena, huo ni ugonjwa na una tiba. Daftari halitautosha. Nenda kwa daktari, nami nitakusindikiza nikae nje ya chumba nikusubiri. Likikujia wazo la kwamba ni afadhali usingekuwepo, usisubiri wiki mbili wala asubuhi. Niamshe saa yoyote. Nimewahi kukesha kwa mambo ya kipuuzi. Kwa ajili yako nitakesha kwa furaha.

Daftari lile bado ninalo. Nililitoa sandukuni jana. Mbele kuna sehemu zako na desimali zako, na alama nyekundu za mwalimu. Nyuma kuna mwandiko wangu, kurasa kumi na nne, kabla sijanunua langu. Katikati, pale ambapo hesabu zako na zangu hazikukutana, kuna kurasa sita hazijaandikwa kitu. Nakuja mwisho wa mwezi. Nitakuletea.

Mama yako