Shilingi Saba kwa Saa

Mwaka 2018 niliacha kazi ya kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, ambako nilikuwa nikilipwa shilingi 24,000 kwa mwezi, nikaenda kwa mwajiri mwingine katika eneo la viwanda aliyeniahidi 35,000. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Free Area na nikimlipia mdogo wangu karo ya kidato cha pili, kwa hiyo sikuuliza swali lolote ila siku ya kuanza.

Kule nilikotoka tulifunga saa kumi na moja jioni. Huku tulitoka saa mbili usiku, siku sita kwa wiki. Baadaye niliketi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema: nilipoondoa saa moja ya chakula, kazi ya kwanza ilinilipa takriban shilingi 115 kwa saa na ya pili 122. Nilikuwa nimehama kwa ajili ya shilingi saba, na hapo sijahesabu riba ya mikopo ya simu niliyochukua kila mshahara ulipochelewa hadi tarehe 14, wala makato tuliyobebeshwa sote bidhaa zilipopungua stoo, bila yeyote kusikilizwa.

Lililonivunja moyo, hata hivyo, halikuwa pesa. Mama alilazwa hospitalini, nikaomba ruhusa ya siku mbili, naye mwajiri akaniambia mbele ya wateja kwamba ikiwa mama ndiye anayenilipa, basi niende nikae naye. Nilikwenda, na sikurudi.

Simshauri mtu aridhike na ujira duni kwa sababu tajiri ni mpole. Anayekuita mwanangu huku akikulipa kiasi kisichotosha kodi na unga hajakutendea wema, na mwenye watoto hawezi kuwalisha kwa maneno matamu. Ninachosema ni kwamba namna utakavyotendewa ni sehemu ya malipo, na inaweza kuchunguzwa kabla ya kutia sahihi.

Anza na mambo ambayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imekwisha kuyaweka: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye mshahara kamili, na, baada ya miezi miwili kazini, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara. Uliza kwa adabu jinsi mambo hayo yanavyofuatwa pale, na uombe mkataba wa maandishi. Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo siku ya mahojiano hatakuwa mpole zaidi utakapougua.

Kisha nenda kwenye kibanda ambako wafanyakazi wake hula mchana, uwaulize mshahara wa miezi mitatu iliyopita uliingia tarehe ngapi, na aliyekuwa na kazi hiyo kabla yako aliondokaje. Mwaka jana, nikiwa nalipwa 31,000, niliahidiwa 40,000 mahali pengine, nikaenda kula maharagwe na chapati pamoja na vijana wanne wa hapo. Watatu walikuwa bado wanadai mshahara wa mwezi uliotangulia. Nilimaliza chakula, nikapiga simu na kuikataa ile kazi kwa shukrani.